Madaftari Matatu ya Mdogo Wangu

Mdogo wangu ana madaftari matatu ya hospitali, yale ya kurasa 32 ambayo mgonjwa hapa Uganda hujinunulia mwenyewe kabla ya kupanga foleni kwenye kituo cha afya. La kwanza alilianza akiwa na miaka 14. Mwezi uliopita, nikiwa nyumbani kwake Jinja, niliyasoma yote kwa mkupuo mmoja. Maumivu ya tumbo yameandikwa mara kumi na moja, malaria mara nne, maambukizi ya nyonga, yaani ya viungo vya uzazi, mara tano pamoja na antibayotiki zake. Neno endometriosisi limo mara moja tu, kwenye ukurasa wa mwisho wa daftari la tatu, alipokuwa na miaka 25, baada ya kupasuliwa kwa jambo jingine na daktari akakuta ovari ya kushoto ina uvimbe uliojaa damu nzito ya rangi ya kahawia, nayo imenata kwenye utumbo.

Ugonjwa wenyewe ni huu: tishu inayofanana na utando wa ndani wa mji wa mimba huota nje ya mji wa mimba, kwenye ovari, mirija, kibofu au utumbo, na mara chache hata kifuani, kama ilivyompata Njambi Koikai, mtangazaji wa Kenya aliyefariki Juni 2024. Tishu hiyo huitikia homoni ya estrojeni, huuchokoza mwili na kuacha makovu, na makovu hayo hugandisha viungo ambavyo vilipaswa kuteleza kimoja kando ya kingine. Shirika la Afya Duniani linakadiria kuwa wanaougua ni wanawake na wasichana wapatao milioni 190, yaani karibu asilimia 10 ya walio katika umri wa kuzaa, na kwamba kuutambua huchukua kati ya miaka 4 na 12. Kwa kipimo hicho, miaka 11 ya mdogo wangu ni ya kawaida kabisa, jambo linaloniudhi kuliko kama ningeambiwa ni bahati mbaya.

Waswahili huyaita maumivu haya chango, neno ambalo pia ni jina la minyoo ya tumboni. Shangazi yetu, ambaye kwa desturi ya Buganda ndiye ssenga wetu, alimwambia yatakwisha akizaa. Nilimcheka, mpaka niliposoma kwamba Joe Vincent Meigs, profesa wa Boston, alikuwa akihubiri karibu hayohayo katika miaka ya 1940: wanawake wenye uwezo huchelewa kuolewa na kuzaa, ndiyo maana wanaugua. Fikra hiyo ilisaidia kuufanya huu uonekane ugonjwa wa wazungu wenye fedha. Mwaka 1976 Donald Chatman, daktari wa Chicago, alichapisha matokeo ya kuwachunguza wanawake weusi kwa kamera ya tumboni, na zaidi ya mmoja kati ya kila watano alikuwa na endometriosisi. Baadhi yao walikuwa wameandikiwa maambukizi ya nyonga. Yaani madaftari ya Jinja yalikwisha kusomwa Chicago kabla mwenyewe hajazaliwa.

Kuhusu chanzo, maelezo yanayojulikana zaidi ni ya John Sampson wa Albany, New York, aliyesema mwaka 1927 kwamba damu ya hedhi hurudi nyuma kupitia mirija na kupanda mbegu zake tumboni. Kasoro yake ni kwamba damu hurudi nyuma kwa wanawake walio wengi, na wengi wao hawaugui. Lazima pawe na kitu kingine kinachoiachia mbegu iote: kinga ya mwili, urithi, pengine hata vimelea. Mwaka 2023 watafiti wa Nagoya, Japani, walieleza kuwa bakteria wa jamii ya Fusobakteria walipatikana katika mji wa mimba wa asilimia 64 ya wagonjwa, lakini kwa chini ya asilimia 10 ya wasiougua, na kwamba antibayotiki ilipunguza vidonda vya ugonjwa huu kwa panya. Utafiti unavutia, ila mdogo wangu amekwisha kumeza antibayotiki za kutosha kufungulia duka la dawa, kwa hiyo nasubiri majaribio kwa binadamu.

Mwaka huohuo ulichapishwa utafiti wa jeni wa wagonjwa zaidi ya 60,000, uliobainisha sehemu 42 za jenomu, yaani jumla ya jeni na urithi wote wa mtu, zinazohusiana na ugonjwa huu, baadhi zikihusiana pia na kipandauso na maumivu ya mgongo. Wanawake hao walikuwa wa asili ya Ulaya na Asia ya Mashariki. Sisi hatumo, na sikubali kwamba ni kwa sababu hatuwezi. Huko Kyamulibwa, wilayani Kalungu, watafiti wa Entebbe walianza kufuatilia afya ya wanavijiji mwaka 1989 kwa ajili ya UKIMWI, na mwaka 2019 zikachapishwa data za jeni za watu wapatao 6,400, karibu 2,000 kati yao wakiwa wamesomwa jenomu nzima. Kwa watu kama hao ningeongeza maswali manne tu: je, hedhi hukulaza kitandani, hukukosesha shule au shamba, huumia unapojisaidia haja kubwa, huumia katika tendo la ndoa? Na daktari anayefungua tumbo kwa sababu yoyote aandike alichokiona mahali pengine zaidi ya daftari ambalo mgonjwa atakwenda nalo nyumbani.

Dawa ya kuuponya kabisa haijapatikana. Upasuaji huondoa vidonda, lakini huweza kurudi. Homoni hutuliza maumivu kwa wengi, na mwongozo wa Ulaya wa mwaka 2022 haulazimishi tena upasuaji wa uchunguzi kabla ya kuanza tiba, habari njema kwa nchi yenye kamera chache, maana vidonge, sindano na vitanzi vyenye homoni tunavyo tayari katika vyumba vya uzazi wa mpango. Tatizo ni jina la chumba. Mama alipoiona pakiti ya vidonge mezani aliuliza mwanawe anapanga uzazi gani ilhali hajaolewa, na ilituchukua jioni nzima kumweleza.

Sasa kuna daftari la nne. Muuguzi ameandika jina la ugonjwa kwenye jalada kwa kalamu nyekundu, akakosea herufi mbili, na mdogo wangu hakutaka lisahihishwe.