Sikukojoa, ilikuwa waini

Naona tangu jana mnatumiana ile voisi noti ya jamaa yangu eti nililewa nikajikojolea ukumbini mbele ya wakwe. Mkojo gani mwekundu jamani, hata kama mlihisi kichocho si mngenihurumia kwanza.

Sasa msikieni mwenye suruali. Send-off ya dada yake mchumba wangu, ukumbi uko Kisasa, nimewekwa meza ya familia na suruali ya krimu imepigwa pasi inakata. Mezani waini nyekundu ya zabibu za hapahapa Dodoma, kijana wa huduma kanijazia glasi mpaka mdomoni, na nzi nao wakaona wamealikwa. Nikavuta tishu ndefu, nikaikunja, nikafunika glasi. Mnafanya hivyo wote, msijifanye.

Ikabonyea katikati ikagusa waini, mkia wake ukaning'inia ukingoni mwa meza upande wangu.

Mtu mwingine angeitoa. Mimi mwalimu wa kemia bwana, nikaona wekundu unatambaa nikafurahi, na pembeni kakaa mdogo wake mchumba yuko fomu tuu, nikaona hapa ndo pa kuokota maksi. Dogo, unaona, hakuna anayeisukuma hii. Karatasi ni nyuzi za selulosi zimelaliana, katikati kuna vinjia vyembamba, ndo kapilari hizo, nyuzi zinapenda maji basi yanajivuta yenyewe. Tishu haijatiwa dawa ya kuzuia maji wala haijagandamizwa sana, ndo maana inakunywa hivi, chovya kadi ya mwaliko uone inavyogoma. Nikaongeza kabisa kwamba inaanza mbio halafu inachoka, ukitaka ifike mbali mara mbili subiri muda mara nne, mwanakemia Washburn aliyaandika hayo 1921. Baba mkwe anasikia, anatabasamu. Nikajua mahari imeshuka.

Kumbe hesabu hiyo ni ya karatasi iliyolala! Mkia ukishaloa na ncha yake iko chini kuliko waini ya kwenye glasi, uvutano wa dunia unaingia kazini, inakuwa kama ule mpira wa kunyonyea petroli kwenye tenki, haikomi.

Na mzee ndo kashika maiki anatoa nasaha. Nikahisi ubaridi pajani, nikasema ni feni. Ubaridi ukaingia ndani zaidi, nikasema ni soda ya jirani. Nikachungulia, unyevu tu, maana maji yanatangulia rangi inabaki nyuma imeng'ang'ania nyuzi (hilo nawafundisha watoto kila mwaka kwa wino wa kalamu, cheka tu). Tone. Tone. Tone. Nimekaa kwa adabu sijisogezi nisije nikaharibu pasi, kwa hiyo linadondokea palepale, zipu. Glasi nayo naiona inapungua, nikamshuku dogo.

Ghafla MC, "Namuomba shemeji yetu mwalimu asimame tumuone!"

Nikasimama kwa mbwembwe. Nikafunga kifungo cha koti, na makoti yenyewe haya mafupi ya siku hizi. Makofi yakaanza kufa meza ya mbele, yakafa ya pili, yakaenda yakifa mpaka mlangoni. Mpiga kinanda akakosea. Mimi bado napunga mkono. Mtu wa video alikuwa usoni kwangu, akaanza kushusha kamera polepole, na kwenye skrini kubwa ukutani nikaona tai, nikaona kifungo, nikaona mkanda, halafu nikaona wekundu kuanzia zipu mpaka gotini, unang'aa kwa zile taa.

Bibi mmoja akapiga yowe, "Yesu wangu, mkwe kaumia!"

Dogo akasimama, sauti ya darasani kabisa, "Hapana bibi, ni kapilari."

Mengine mnayajua, khanga ya mama mdogo kiunoni, picha nikapigwa nyuma ya keki, bajaji, nyumbani. Mchumba ananijibu kwa emoji tu.

Suruali iko kwenye ndoo, mwenye dawa ya kutoa waini kwenye krimu aje inboksi. Na wewe wa voisi noti, ile elfu kumi uliyokopa ukanunulia bando la kunitangazia, naitaka leo.