Muvi za ngumi, za Kihindi, Bongo Movie, sasa Waturuki: ladha ndo inabadilika au anaeshika rimoti?

Kila baada ya miaka kadhaa unasikia maneno yale yale, watu wamechoka muvi za aina fulani wamehamia nyingine. Zamani ilikuwa Kihindi, ikaja ngumi, zikaja za kivita, za Kinaija, Bongo Movie, Kikorea, na sasa hivi ukiingia nyumba nyingi za Dar jioni unakuta Waturuki wanaongea Kiswahili na hakuna ruhusa ya kubadili chaneli. Na maelezo siku zote ni hayo hayo, "watu wamechoka". Mimi hilo neno naona linabebeshwa mzigo usio wake. Kuna kitu kingine ambacho hakizungumzwi sana, nacho ni pale muvi inapoangaliwa na ni nani ana sauti ya kuchagua pale. Ila wanaosema ladha imebadilika nao wana hoja nzito, sio za kupuuza, kwahiyo twende taratibu.

Chukua enzi za majumba ya sinema. Dar kulikuwa na Avalon, Empress, Empire, Zanzibar kulikuwa na Majestic na Cine Afrique, na pale watu walikuwa wanaenda kifamilia, baba mama watoto shangazi, wamevaa wamependeza. Sasa ukijaza ukumbi na familia nzima utawaonyesha nini? Picha la Kihindi. Lina nyimbo, lina mama anaelia, lina ndugu waliopotezana toka utotoni, lina mapenzi lakini hakuna kitu cha kumfanya mtu aangalie chini mbele ya baba mkwe wake. Raj Kapoor, stelingi wa Kihindi, alikuwa mtu mkubwa kweli pwani yetu hii miaka ya 50 na watu hawakuwa wanajua Kihindi, walikuwa wanazijua nyimbo, na melodi za zile picha zikaingia mpaka kwenye taarab zikatiwa maneno ya Kiswahili. Muvi za cowboy zilikuwepo, vijana walizipenda sana tu, na miaka ya 70 Bruce Lee akaja akateka mji, tena akiwa ameshafariki maana alikufa Julai 1973 kabla hata ile Enter the Dragon haijatoka. Kwahiyo hata wakati ule aina zilikuwa zinaishi pamoja, kila kundi na siku yake na ukumbi wake.

Alafu ikaja deki. Biashara ilianza kulegezwa katikati ya miaka ya 80, Rais Mwinyi akaingia 1985 na ruksa yake, kaseti za video zikamwagika na majumba ya sinema yakaanza kufa moja moja. Sinema ikahamia kwenye vibanda umiza, vile vibanda vya mtaani vya kuonyesha video. Anaevijua anavijua, mabenchi, giza, joto, magunia dirishani, vijana wa kiume wamebanana toka mchana mpaka usiku. Pale mama wa watu hawezi kwenda kukaa, dada akionekana anatoka mule mtaa mzima unaongea. Sasa hapo nani anachagua? Vijana wa kiume peke yao. Na kweli zikatawala Rambo, Commando, Van Damme, muvi za kininja, stelingi mmoja anamaliza kambi nzima. Ukiandika historia kwa kuangalia vibanda tu utasema Watanzania wa miaka ya 90 waliacha mambo ya familia na mapenzi wakahamia kwenye mapigano. Lakini mama zetu hawakuhama popote, waliachwa nje ya mlango, hakuna aliekuwa anahesabu walichokuwa wanapenda.

Na hapo hapo kwenye vibanda ndo ikazaliwa kazi ambayo mimi naiheshimu sana, ya kutafsiri. Hapa kwetu Lufufu na waliofuata nyuma yake, waliokuwa wanaweka sauti yao ya Kiswahili juu ya muvi, Kenya wana DJ Afro wao, Uganda wana VJ wao chungu nzima. Hawa watu hawakuwa wanatafsiri neno kwa neno, walikuwa wanasimulia, wanampa adui jina la mtaani, wanaeleza kwanini huyu anamchukia yule, na muvi ya Hong Kong inageuka kuwa hadithi ya Manzese. Mi naamini bila wao zile muvi za ngumi zisingeishi mda wote ule.

Televisheni sasa. Bara hatukuwa nayo mpaka 1994, Zanzibar walikuwa nayo toka miaka ya 70. Ilipoingia sebuleni rimoti ikahamia mikononi mwa watu ambao vibanda viliwatupa nje, na ghafla tunaambiwa "ladha imebadilika", zikaanza kupendwa tamthilia za Amerika Kusini na za Afrika Kusini. Hazikuanza kupendwa jamani, zilikuwa zinasubiriwa! Alafu Desemba 2012 mitambo ya analojia ikaanza kuzimwa kuanzia Dar, kila nyumba ikalazimika kutafuta king'amuzi, mwaka mmoja baadae Azam TV ikaingia sokoni na king'amuzi chake, na baada ya hapo Waturuki wakaja na sauti za Kiswahili. Ile tamthilia ya Sultan ilivyoshika haikuwa mchezo. Jumba la kifalme la Istanbul la karne ya 16, lakini ukitoa dhahabu na mavazi kilichobaki ni wake wenza, mama mkwe, watoto wanaogombea urithi, fitina za ndani ya nyumba. Hayo mambo yapo Tandika, yapo Mombasa, yapo Bujumbura. Ndo yale yale ya picha la Kihindi.

Sasa upande wa pili, na hapa lazima tuwe wakweli. Mtu atakuuliza, kama shida ni mahali pa kuangalia tu, Bongo Movie ilianguka vipi? Maana miaka ya 2000 Bongo Movie, muvi za Kinaija na sizoni za Kikorea zote zilikuwa zinauzwa kwenye meza moja Kariakoo, na zote zilikuwa zinaangaliwa sebule hiyo hiyo na mama huyo huyo, kwahiyo mteja alikuwa anachagua kweli. Na mwanzoni alichagua Bongo. Tulipata muvi za kutisha za kina Mussa Banzi, majini na mizimu kwa namna yetu wenyewe, tukapata za mapenzi, muigizaji wetu Steven Kanumba akaenda mpaka kufanya kazi na Wanaijeria, na alipofariki Aprili 2012 umati uliojaa viwanja vya Leaders Club kumuaga ulionyesha watu walivyomuweka moyoni. Lakini kiukweli muvi zilishaanza kufanana. Nyumba ya kupanga ile ile ya kifahari, gari linaingia getini dakika tatu, mama mkwe anagombana na mkamwana, inakatika unaambiwa ununue part two. Hadithi za kutisha ambazo zilikuwa na ladha yetu zikaachwa, kila mtu akakimbilia mapenzi kwasababu mwenzake yameuza. Hapo watazamaji walichoka kweli na walikuwa na haki ya kuchoka.

Ila hata hapo usimalize haraka. Mwaka 2013 stempu za kodi zikaanza kubandikwa kwenye kazi za filamu na muziki, mtengenezaji wa hapa akawa na gharama zake zote halali, wakati pembeni yake diski iliyochomwa ina sizoni nzima ya Kikorea kwa bei ya kutupa na haina stempu wala mwenyewe. Aprili 2017 wasanii wakaandamana mpaka Kariakoo kupinga zile muvi za nje, na wakachekwa sana, wakaambiwa tengenezeni muvi nzuri kwanza. Mimi naona wote walikuwa na nusu ya ukweli. Ubora ulishuka, ndio, lakini ubora unashuka haraka zaidi pale unaposhindana na kitu ambacho hakijalipiwa.

Na ushahidi wenye nguvu kabisa kwa watu wa ladha mimi naona ni ule wa Wachina. Wana njia zote za kutufikishia muvi, wana ving'amuzi, wana pesa, wana hazina ya muvi za ngumi tulizozipenda miaka yote. Lakini iliyotikisa hapa TBC, televisheni ya taifa, mwaka 2011 ni tamthilia ya Doudou na Mama Wakwe Zake, binti aliyeolewa anahangaika na wakwe, mpaka Rais Xi Jinping alipokuja Dar Machi 2013 akaitaja kwenye hotuba. Njia wanayo, lakini kilichopita vizuri kwenye hiyo njia ni mambo ya ndoa. Kwahiyo njia peke yake haitoshi, hilo nakubali.

Wenzetu Marekani nao mjadala wao ni huu huu tu. Muvi za cowboy zilitawala miaka ya 50, baadae zikafifia, na wengi wanasema ni Vita ya Vietnam na watu kuanza kuona aibu ya jinsi Wahindi Wekundu walivyoonyeshwa. Ni kweli kwa sehemu. Lakini kufikia 1959 televisheni yao ilikuwa na tamthilia za cowboy zaidi ya 20 kila wiki, bure, sasa mtu atoke nyumbani alipie nini? Na za superhero leo hivyo hivyo: Avengers: Endgame mwaka 2019 iliingiza karibu dola bilioni 2.8, mwaka huo huo Disney wenye hizo muvi wakafungua jukwaa lao la kulipia la mtandaoni, baadae wakalijaza mfululizo wa mashujaa, kufika 2023 The Marvels haikufikisha hata milioni 210. Wakasema aina imekufa, mwaka uliofuata Deadpool & Wolverine ikavuka bilioni 1.3. Aina haikufa, ilikuwa imemwagwa kupita kiasi.

Kwahiyo mimi nipo wapi? Naona njia ndo inaamua nini kinafika na mbele ya nani, ladha inaamua nini kinabaki, na kwa huku kwetu lugha ina uzito kuliko vyote viwili. Lufufu alilijua hilo kwenye kibanda, StarTimes, wale Wachina wa ving'amuzi, walilijua walipoendesha mashindano ya sauti za Kiswahili Dar mwaka 2016, Azam wanalijua. Waandishi wetu ambao wamezaliwa na hiyo lugha ndo walikuwa wanaziita muvi zao majina ya Kiingereza.

Na sasa kifaa kimebadilika tena. Simu haina familia, kila mtu na yake, na bando linahesabika. Ndo maana vichekesho vifupi na tamthilia za YouTube zinakimbia, na zile za Kichina za dakika moja moja zinazoangaliwa simu ikiwa wima zimeshaingia. Wanaoniuliza aina gani itafuata, mi ningeangalia hapo kabla ya kuuliza watu wanapenda nini. Kinachoniuma ni muvi ndefu iliyotengenezwa kwa moyo, kama Vuta N'Kuvute ya 2021 iliyofika mpaka Toronto, ambayo haina ukumbi wa mtaani wa kuonyeshwa na kwenye simu haikai. Ikikosa watazamaji tusiseme watu hawapendi muvi za aina hiyo. Wengi hawajawahi kupewa nafasi ya kuiona.