Serikali inajua choo cha mama mdogo, haijui glavu zake

Karatasi yenyewe ilikuwa kipande cha daftari la hesabu, lile la miraba, na sista aliiandika bila kuniangalia usoni. Glavu jozi nne. Branula mbili. Seti ya dripu. Maji ya dripu, chupa tatu. Sindano sita. Pamba. Plasta. Chini kabisa jina la dawa ya kudungwa, limepigiwa mstari mara mbili. "Utapata hapo nje ya geti," akasema. "Na ukimbie, mama anachemka."

Ilikuwa saa tano usiku, Jumanne, mvua inanyesha ile ya kwetu isiyojua kuomba radhi. Mama mdogo alikuwa amelazwa kwenye benchi nje ya chumba cha dharura, kichwa pajani mwa binti yake, leso imelowa jasho. Nikakimbia. Duka la dawa la nje ya geti huwa halifungwi na taa zake ni nyeupe kuliko za wodi. Kijana wa pale hakusoma hata mistari mitatu ya ile karatasi. Mwandiko ule ameuzoea. Alipanga vitu juu ya kaunta kama mama muuza nyanya anavyopanga mafungu, akanipa stakabadhi: shilingi 3,310. Akaniambia pole. Nadhani husema pole mara themanini kwa usiku mmoja.

Mgonjwa haulizwi uji, wazee walisema. Huku kwetu anaulizwa glavu.

Hospitali sitaitaja. Si uoga. Ni ya kaunti, iko huku magharibi, ina geti la buluu na jiwe la uzinduzi lenye majina ya wakubwa wanne. Ukiweka jina la ile ya kwenu hapo, hutabadilisha neno lingine katika makala haya.

Kilichonichoma si ile elfu tatu. Tungeichanga, na tuliichanga. Kikundi cha WhatsApp cha ukoo kiliamka saa sita usiku na pesa zikaingia kwa M-Pesa kabla dripu ya kwanza haijaisha. Kilichonichoma ni kwamba mama mdogo alikuwa AMELIPA. Alikuja mhudumu wa afya wa jamii bomani na simu yake kumsajili SHA, ile bima ya afya ya serikali, akamuuliza maswali mpaka chai ikapoa. Paa ni la bati au nyasi? Ukuta ni wa udongo au matofali? Unapikia kuni? Choo ni cha shimo? Kina sakafu ya simiti? Ng'ombe ni wangapi? Mama mdogo bado hulicheka lile swali la choo. Kisha simu ikakokotoa, ikatema kiasi cha kulipa, cha mwaka mzima kwa mpigo mmoja, maana sisi tusio na payslip hatukatwi ile asilimia 2.75 ya mshahara kidogo kidogo kila mwezi. Akauza mikungu ya ndizi na jogoo wawili. Akalipa. Akaweka ule ujumbe wa simu kama cheti cha ubatizo.

Usiku ule tukaambiwa sistimu iko chini. Asubuhi sistimu ikapanda, kitanda kikalipiwa, nashukuru. Na zile za geti? "Hizo mlinunua nje." Kana kwamba tulitoka kwenda kujinunulia soda.

Kwa hiyo serikali hii inajua sakafu ya choo cha mama mdogo. Inayo kwenye kompyuta. Lakini idadi ya glavu zilizomo kwenye stoo yake yenyewe, usiku wa Jumanne, haijui, na ikijua haisemi.

Nilikaa pale siku nne, na mtu akikaa hospitalini siku nne bila kazi huwa mpelelezi. Nikaanza kuuliza, kwa adabu, shikamoo zote nikatoa. Wa famasia akaniambia dawa hazijaletwa na KEMSA, lile shirika la serikali linalouzia hospitali za umma dawa na vifaa. Nikamwendea mkubwa wa hospitali, ambaye kwa kweli alinipokea vizuri na alionekana hajalala tangu Jumapili. Akasema KEMSA haileti kwa sababu kaunti ina deni. Kuna jamaa tuliyesoma naye, sasa yuko afisi za kaunti, nikampigia. Akacheka. "Ndugu yangu, Nairobi haijatuma mgao miezi miwili. Tulipe na nini?" Jioni, kwenye redio ya mlinzi wa wodi, mkubwa mmoja wa Nairobi anaulizwa kuhusu hospitali, naye anajibu kwa utulivu wa mtu aliyeshiba: afya iligatuliwa.

Na hakuna aliyenidanganya. Hapo ndipo penye ugonjwa. KEMSA inadai kaunti, ni kweli. Mgao huchelewa, na magavana hulia kila mwaka, ni kweli. Jedwali la Nne la Katiba liliwapa magavana hospitali za kaunti, likaiachia Nairobi sera na zile kubwa za rufaa za kitaifa, na mambo yako hivyo tangu 2013, ni kweli tupu. Watu wanne, kweli nne, na glavu sifuri. Tumejengewa nyumba ambayo kila mtu ana ufunguo wa chumba cha mwenzake.

Sasa niwapeleke kwetu kidogo. Akina mama wa kijijini wana chama cha mazishi na magonjwa. Mweka hazina ni mama wa miaka sitini na kitu, aliyeachia darasa la sita, na ana daftari ambalo hata mwanawe haruhusiwi kuligusa. Kila Jumapili ya mwisho wa mwezi analifungua chini ya mwembe na kusoma kwa sauti. Waliotoa, waliokopa, waliokopa wakajifanya wamesahau. Unga, kilo kadhaa. Majani chai, shilingi 40. Mwaka juzi alisomewa shutuma na mama mmoja kuhusu sukari, kwamba kilo mbili hazingeisha kwa matanga madogo vile. Akasimama, akataja waliokunywa chai, mmoja mmoja, pamoja na baba mkwe wa yule mlalamishi aliyekunywa vikombe vitano. Hesabu ikafungwa. Hakuna aliyehitaji kamati ya Seneti.

Nataka hicho tu. Sidai mashine mpya. Nataka ubao, pale mapokezi, mahali ambapo leo pana picha ya mkubwa na bango la "Huduma kwa Uadilifu". Kila mwezi uandikwe kwa Kiswahili ambacho mama mdogo anasoma: tulikusanya kiasi hiki kutoka kwa wagonjwa. SHA ilitulipa hiki, inatudai hiki au inadaiwa hiki. Kaunti ilitupa hiki. Tuliagiza glavu boksi kadhaa tarehe fulani, zikafika tarehe fulani, zimebaki kadhaa. Na chini saini ya mtu, yenye jina linalosomeka, si ile saini ya mnyoo.

Mtaniambia hospitali haina mamlaka juu ya pesa zake. Hiyo ilikuwa zamani. Ugatuzi ulipoanza, pesa zilizokusanywa dirishani zilipelekwa kwenye hazina ya kaunti, na ikitokea zikarudi zilirudi zimekonda, na wakati ule mkubwa wa hospitali alikuwa na haki ya kuinua mikono. Ila ipo sheria ya 2023, ile ya FIF, ya fedha za kuboresha vituo vya afya, inayosema kituo kibaki na kinachokusanya na kukitumia hapo hapo, juu ya bajeti ya kaunti, si badala yake. Basi. Kama pesa zinabaki, tuonyesheni zikibaki. Na kama kaunti yenu bado inazifagia, andikeni hivyo ubaoni, tujue wa kumwendea. Sisemi kuna mtu ameiba glavu. Nasema hakuna aliyewahi kunionyesha kwamba hazikuibwa, na duka la geti halijawahi kuishiwa hata siku moja.

Wengine watasema Mkaguzi Mkuu wa Hesabu hukagua. Hukagua, na kwa bidii. Ripoti zake nimezisoma, mimi na watu wengine wasiozidi matatu moja ya abiria kumi na wanne. Katiba inampa miezi sita baada ya mwaka wa fedha kuisha, kisha ripoti iende bungeni, kisha kamati imwite gavana, kisha gavana aje na vifaili na washauri, kisha atuambie aliyehusika alishahama. Mama mdogo alikuwa na joto la arobaini. Yeye hasubiri Desemba.

Halafu kuna wale wa "mwananchi haelewi hesabu". Mwananchi aliyesimamia kilo mbili za sukari!

Tusijidanganye kwamba ni mambo ya kulalamika tu yasiyo na kichwa wala miguu. Mwaka 2013, miezi michache baada ya kutangaziwa kwamba kujifungua ni bure, mama mmoja alijifungulia sakafuni katika hospitali ya umma ya Bungoma, na wauguzi wakamtukana na kumpiga. Kabla ya hapo alikuwa amejikokota hadi chumba cha kujifungulia, akakuta vitanda vimejaa. Mtu akarekodi kwa simu, nchi nzima ikaona. Alienda kortini. Mwaka 2018 Mahakama Kuu ikasema haki zake zilivunjwa, ikaamuru alipwe shilingi milioni 2.5 na aombwe radhi. Watu walikumbuka wale wauguzi tu. Mimi ninachokumbuka ni kwamba jaji hakuishia kwa wauguzi: alipanda ngazi, akasema serikali ya kaunti na ya kitaifa zilitangaza huduma bila kuitengea rasilimali za kutosha na bila kusimamia viwango. Yaani ule mchezo wa "si mimi, ni yule" ulichezwa mbele ya jaji, na jaji akawapuliza kipenga wote. Karibu miaka mitano ilipita toka ile sakafu hadi ile hukumu. Na ilibidi mwanamke masikini auvae uchi wake mbele ya taifa ndipo mtu aulizwe.

Haya, na haki yao niwape, ingawa mkono unakuwa mzito. Kabla ya 2013 mtu wa kwetu akiumwa na nyoka alibebwa kwa kitanda cha kamba mpaka barabarani. Leo kuna zahanati umbali wa boda ya hamsini. Ambulensi zipo. Wodi ya akina mama imepakwa rangi, na vitanda havilaliwi watatu watatu kama nilivyoona nikiwa mdogo. Yule sista wa karatasi alikuwa peke yake na wagonjwa thelathini na moja, niliwahesabu, na alfajiri nilimwona amesimama dirishani anakunywa uji baridi kutoka kwa chupa ya maji. Simlaumu. Hata migomo, ile ya madaktari ya siku mia iliyoanza Desemba 2016 na ile ya wauguzi ya miezi mitano iliyofuata, sikuwahi kuikasirikia nilivyoambiwa niikasirikie.

Mashine pia ninazijua. Ile mikataba ya 2015 ya kukodisha vifaa, hospitali mbili kila kaunti, pesa zilikuwa zikikatwa Nairobi kabla mgao haujafika, na kwingine mashine zikabaki ndani ya maboksi kwa kukosa stima au mtu wa kuziendesha. Hilo ni la siku nyingine, nikiwa nimekula.

Na mochari. Mnajua mochari zetu hazikosi stakabadhi? Kila siku imeandikwa, kila shilingi. Ukifa unahesabiwa vizuri sana.

Mama mdogo alitoka Jumamosi. Walikuwa wanafikiria kumpeleka Russia, na kwa wageni wa huku, Russia ni ile hospitali kubwa ya rufaa ya Kisumu, mkisikia neno hilo kwenye wodi muanze kutafuta gari. Homa ikashuka kabla gari halijapatikana. Ameshaanza kulalamika kwamba chakula chetu hakina chumvi, kwa hiyo amepona.

Jumatatu yake niliandika barua. Nusu ukurasa. Kwa mujibu wa Kifungu cha 35 cha Katiba na Sheria ya Upatikanaji wa Habari ya 2016, naomba kujulishwa: hospitali ilikusanya kiasi gani miezi mitatu iliyopita, iliagiza glavu ngapi, zikafika ngapi, lini. Nilipeleka mwenyewe. Karani aliisoma, akaigeuza nyuma kuangalia kama kuna kitu kingine, akaniuliza, "Wewe ni wa chama gani?" Nikamwambia cha mazishi. Hakucheka. Lakini alipiga muhuri kwenye nakala yangu, na huo muhuri ndio niliokuwa nautaka.

Sheria inawapa siku 21. Leo ni siku ya 34. Nimepiga simu mara tatu; mara mbili mkubwa yuko kwenye mkutano, mara ya tatu wamesema barua iko kaunti. Kaunti wanasema ikiwa ni ya hospitali ijibiwe na hospitali.

Kesho napanda matatu ya saa kumi na mbili kwenda Kisumu, kwenye ofisi ya Ombudsman, ile tume ya kupokea vilio vya wananchi dhidi ya afisi za serikali, na malalamiko yangu kwenye bahasha ya kaki. Mama mdogo alinipigia jana usiku kuniuliza kama nahitaji zile stakabadhi za geti. Amezihifadhi kwenye mkebe wa Blue Band, zimekunjwa pamoja na kile kipande cha daftari la miraba. Anataka nitoe nakala, za asili nimrudishie, kwa sababu Jumapili ya mwisho wa mwezi lazima azisome kwa chama.