Kaburi la kupanga na siku ya parapanda

Kwenye njia ninayopita nikienda zamu ya asubuhi, hapa Hamburg, kuna jiwe la kaburi lililobandikwa kikaratasi cha kunata. Kimeandikwa kwamba muda wa kutumia kaburi hili umekwisha, wahusika wanaombwa wafike ofisi ya makaburi. Kwa tarehe zilizochongwa, aliyelala hapo alizikwa mwaka 1999. Nilicheka kwanza, halafu nikakasirika. Marehemu naye anadaiwa kodi? Hata landilodi wa Nyalenda, kule Kisumu, pamoja na ukali wake wote, akishaweka kufuli mlangoni hukuachia nafasi ya kwenda kumbembeleza.

Wacha niwaeleze, maana nilipowasimulia watu wa nyumbani kwa simu walidhani natania. Huku kaburi hukodishwa. Familia hulipia miaka, mara nyingi 20 au 25, kutegemea mji na hata aina ya udongo. Muda ukiisha, wanaongeza au wanaachia. Wakiachia, jiwe linang'olewa, nyasi zinapandwa, na baadaye nafasi hiyo anapewa mtu mwingine. Wala si kwamba ardhi imewaishia. Makaburi ya Ohlsdorf, yaliyofunguliwa mwaka 1877, ni karibu hekta 390, na basi la mji linapita humo ndani likisimama kwenye vituo vyake kama linaelekea Kondele.

Sasa nipelekeeni kikaratasi hicho kwetu Seme, Kisumu. Kibandikeni kwenye kaburi la nyanya yangu, mwambieni mjomba kwamba muda umekwisha. Nyanya yuko pale kushoto kwa nyumba yake, chini ya vigae vyeupe ambavyo tulivichangia mpaka tukachokana. Watoto hukaa juu yake wakitafuna miwa. Msimu wa mavuno mahindi huanikwa papo hapo, na wakati wa kuyaanua shangazi humwambia, "Mama, sogea kidogo." Hakuna anayeona ajabu. Nikiwa hapa kwenye baridi, hicho ndicho kitu ninachojivunia kuliko mlima na mbuga za wanyama.

Lakini kuna bibi mmoja ninayemhudumia kwenye makao ya wazee ambaye ameniharibia fahari hiyo. Ni Mlutheri, alipata kipaimara miaka ile ya baada ya vita. Ameshapanga mambo yake yote: atachomwa, majivu yazikwe msituni kwenye mizizi ya mti, na hataki jina lake liandikwe popote. Mimi na malezi yangu ya shule ya Jumapili nikamuuliza, na siku ya ufufuo itakuwaje? Akajibu bila kuacha kukoroga chai yake: hiyo ni kazi ya Mungu, si yangu.

Nilikosa la kusema. Nimehudhuria matanga mengi tangu utoto, kutoka Kombewa hadi Bondo, na sikumbuki kumsikia mtu akiongea kuhusu kaburi lake kwa utulivu wa namna hiyo.

Haya, nawasikia. "Ameanza. Amekula mkate mweusi kidogo, sasa anatufundisha kuzika." Tulieni. Sijasema Wajerumani wanatuzidi imani. Kanisani Jumapili unaweza kuchagua benchi zima peke yako. Ninachosema ni kwamba sisi, tunaoitangaza kiyama kwa vipaza sauti vya kukodi usiku kucha, tunazika kama watu wanaoogopa kwamba Mungu atapotea njia.

Angalieni mazishi yetu yanavyokwenda. Pasta wa Kisabato anasimama, anafungua Mhubiri 9:5, "wafu hawajui neno lo lote," anaeleza vizuri kabisa kwamba marehemu amelala na hasikii chochote mpaka Bwana arudi. Watu wanaitikia amina. Anakaa. Mjomba anachukua maikrofoni, analigeukia jeneza: "Ndugu yangu, najua unanisikia. Ukifika umsalimie baba." Amina, tena kwa nguvu zaidi. Kisha mama wa Kikatoliki kutoka upande wa wakwe anawaomba watu wamwombee marehemu apunguziwe muda wake toharani. Amina ya tatu. Katika dakika kumi marehemu amekuwa usingizini, amekuwa safarini, na amekuwa toharani, na hakuna aliyeuliza swali kwa sababu chakula kilikuwa kinakaribia. Na akiwa ni jaduong', mzee mwenye heshima zake, kuna tero buru, desturi yetu Wajaluo: vijana wanakimbiza ng'ombe, wanapiga kelele, kifo kifukuzwe kitoke bomani. Kifo hichohicho ambacho asubuhi tulisomewa kwamba "kimemezwa kwa kushinda."

Mimi sichukii tero buru. Nimekimbia na hao ng'ombe. Tena hili la usingizi Wasabato hawakulitoa hewani, na wanaowacheka pale kwenye misheni yao ya Gendia hawajui kwamba Luther mwenyewe, Mjerumani huyu, alihubiri kuhusu kifo kama usingizi, akasema atalala mpaka Kristo abishe hodi kwenye kaburi lake na kumwita, Daktari Martin, amka. Hoja za pande zote zimo kwenye Biblia ileile. Yesu alimwambia mhalifu msalabani kwamba leo hivi utakuwa pamoja nami peponi. Paulo naye anawaandikia Wathesalonike kuhusu waliolala mauti, kwamba parapanda ikilia watafufuliwa kwanza. Wakristo wamebishana juu ya hapo katikati, kati ya kufa na kufufuka, tangu karne za mwanzo. Wabishane. Jambo ambalo hawakubishania, na sisi tumelisahau, ni kwamba mahali ulipozikwa si sharti la kufufuka.

Mwaka 177, huko Lyon, Ufaransa ya leo, waliowatesa Wakristo walichoma miili yao na kuyatupa majivu kwenye mto Rhône. Walifanya hivyo makusudi, ili watu hao wasiwe na tumaini la kufufuka. Yaani waliofikiri kwamba majivu yanamshinda Mungu walikuwa wapagani. Leo hoja hiyo naisikia kwa wazee wa kanisa, kwenye kamati ya mazishi, na kalamu ya kuandika michango iko mkononi.

Na mkisema Lyon ni mbali, haya, njooni Namugongo, Uganda. Kila mwaka kabla ya tarehe 3 Juni, mahujaji wanatoka kwetu magharibi, wengine kwa miguu, wanavuka mpaka pale Busia wakiimba rozari. Wanakwenda kuwaheshimu vijana waliouawa kwa ajili ya imani yao, ambao wengi wao walichomwa moto mwaka 1886, Wakatoliki na Waanglikana pamoja. Muulizeni yeyote miongoni mwao kama Karoli Lwanga, mmoja wa vijana hao, atafufuka. Atawashangaa. Sasa yule binti wa Migori aliyefia Boston, ambaye familia haina hata nusu ya pesa za kumrudisha, kwa nini akichomwa mnasema mmempotezea kiyama?

Jibu nalijua. Halimo Biblia, limo mezani kwetu. Ni mizimu, ni chira, ile laana ya kuvunja miiko, ni ndoto ambazo shangazi ataanza kuota mwezi wa pili. Tulilisema waziwazi mara moja, kwenye kesi ya S.M. Otieno, wakili ambaye mjane wake na ukoo waligombania mahali pa kumzika, aliyekufa Desemba 1986 akabaki mochari zaidi ya miezi mitano huku mawakili wakivutana, mpaka akazikwa kijijini kwao Nyalgunga Mei 1987. Pale mahakamani angalau watu walikuwa wakweli. Walitaja desturi, wakataja roho za wafu, hawakujificha nyuma ya Wakorintho. Alipochomwa mbunge Ken Okoth pale Kariokor, Nairobi, mwaka 2019, kwetu ilikuwa kama ametukanwa ukoo mzima. Lakini Askofu Mkuu wa Kianglikana, Manasses Kuria, naye alichomwa, mwaka 2005, kama mkewe kabla yake. Askofu mkuu! Kanisa Katoliki liliruhusu tangu 1963, na mwaka 2016 likakumbusha tu kwamba majivu yasimwagwe ovyo wala yasiwekwe sebuleni, yapelekwe mahali patakatifu. Hao wote wamekosa kusoma Biblia, ila kamati yetu ya Kombewa ndiyo imesoma?

Msidhani nimekwisha kuwa wao. Wiki iliyopita nilikwenda kumzika mzee mwingine wa pale kazini. Tulikuwa wachache, tungeenea kwenye matatu moja tukiacha viti vya nyuma wazi. Hapakuwa na mchungaji. Alikuja msemaji wa kulipwa, bwana mmoja mwenye koti zuri, akasoma kwamba marehemu alipenda bustani, treni ndogo za kuchezea na mbwa wake. Wimbo ukatoka kwenye spika. Tukashikana mikono, tukaenda zetu. Nusu saa haikutimia. Sikusikia neno moja la kwamba mtu huyu ataonekana tena. Nilirudi nyumbani na hasira ambayo sikujua niielekeze wapi. Nilitamani mama mmoja tu wa kanisa la Legio Maria aingie na kengele yake. Nilitamani nduru.

Siku inayonigusa huku ni Jumapili ya mwisho kabla ya Majilio, ambayo mfalme wa Prussia aliiweka mwaka 1816 kwa ajili ya kuwakumbuka wafu. Mchungaji anasoma majina ya waumini waliokufa mwaka huo, jina moja mshumaa mmoja, taratibu, bila MC, bila mheshimiwa wa kupewa dakika tano zinazogeuka saa. Hapo wanatushinda, naomba mnisamehe. Lakini wakianza kuimba, wanaimba vitabu vikiwa usoni, kwa sauti ya mtu anayeogopa kuamsha jirani. Kwaya ya Maseno ingewainua hao wafu kabla ya wakati wao.

Turudi kwenye pesa za kurudisha miili nyumbani, maana hilo ndilo linalonikera. Kikundi chetu cha WhatsApp cha Wakenya wa kaskazini mwa Ujerumani kimegeuka kuwa kampuni ya kusafirisha maiti. Hatujamaliza kumpeleka mmoja, mwingine ametangazwa. Vijana wanaotuma karo ya wadogo zao wanaambiwa wasimamishe karo kwanza. Juzi mmoja akathubutu kuuliza kama tungeweza kumzika mwenzetu hapahapa, kwa heshima, na pesa zilizobaki wapewe watoto wake kule Ahero. Ujumbe wa sauti uliotoka nyumbani ulikuwa mfupi: "Na siku ya mwisho akiamka huko kwa wazungu, atamwuliza nani njia?" Watu wakaweka vicheko. Mimi sikucheka. Paulo aliulizwa swali la jamii hiyo, wafu hufufuliwaje, wana mwili gani, na alianza jibu lake kwa kusema, "Ewe mpumbavu!" Sikuwa na ujasiri wa kumwandikia hivyo mzee wa watu, basi nikamwandikia tu nambari ya mstari: 1 Wakorintho 15:36. Hadi leo hajanijibu.

"Kwa hiyo wewe uchomwe?" Hapana! Mnaona mnavyoruka? Mimi nizikeni Seme, na msiniwekee vigae, vinateleza mvua ikinyesha. Nataka Seme kwa sababu ni kwetu, kwa sababu napenda wazo la mtoto fulani kukaa juu yangu na muwa wake, na kwa sababu kikaratasi kile cha ofisi ya makaburi kimenitosha. Hizo ni sababu za kibinadamu na sioni aibu nazo. Zikishindikana, kukiwa na vita au viza au mfuko mtupu, nizikeni Ohlsdorf, lipieni miaka mnayoweza, na muda ukiisha wamweke mwingine. Sitadai. Msikope hela sacco kwa kuogopa kwamba nitachelewa kufufuka.

Na nikifika Seme, ombi langu kwa kamati ni moja. Wanasiasa watakuja, najua hamuwezi kuwazuia. Wapeni viti vya mbele na soda. Ila pasta akishika maikrofoni aachwe asome ile sura ya 15 yote, mstari wa 1 mpaka wa 58, na MC asimvute koti akifika wa 20.