Usianze na darubini ya miguu mitatu

Darubini yangu ya kwanza iko juu ya kabati. Boksi lake lilijigamba kwamba inakuza mara mia tano na ushee, lakini miguu yake mitatu ilikuwa miembamba kama njiti: ukiigusa tu, Mwezi unakimbia. Usiku wa tatu niliirudisha kwenye boksi.

Sasa mtu akiniuliza aanzie wapi, namwambia atafute darubini ya macho mawili, kama ile wanayoning'iniza shingoni waongoza watalii wa Serengeti. Ya 10×50 inatosha kabisa. Kumi ni mara inazokuza, hamsini ni upana wa lenzi ya mbele kwa milimita, na huo upana ndio wenye kazi. Mboni ya jicho gizani haifunguki zaidi ya milimita saba hivi. Ukilinganisha eneo, si upana tu, lenzi ya hamsini inakusanya mwanga mara hamsini hivi zaidi.

Elekeza kwenye Kilimia, kile kishada cha nyota. Wazee wa pwani walikifanya kalenda: "Kilimia kikizama kwa jua huzuka kwa mvua, kikizama kwa mvua huzuka kwa jua." Kwa macho matupu nahesabu nyota sita. Kwa darubini ni kadhaa wa kadhaa, kama chumvi iliyomwagika juu ya kaniki. Mwezi wa Desemba, saa mbili usiku, utakikuta kaskazini mashariki.

Kisha Mshtarii, yaani sayari ya Jupita, ile "nyota" kubwa isiyopepesa. Ubavuni mwake kuna vitone vimejipanga mstari: ni miezi aliyoiona Galileo, mtaalamu wa nyota wa Italia, Januari 1610. Kesho yake vimeshahama. Hapa mkono ukitetemeka huoni kitu, kwa hiyo lala chali kwenye mkeka au egemea nguzo ya baraza. Mimi husimamisha fagio refu nikaegesha darubini juu ya mpini. Nyumbani wameshachoka kunicheka.

Mwezi nao wengi wanausubiri uwe mpevu. Wanakosea! Ukiwa mpevu hauna vivuli, ni kama uwanja saa sita mchana. Utazame ukiwa nusu, pale mwanga unapopakana na giza; mashimo yake yanajitokeza kama makovu ya ndui.

Jua usilielekezee kamwe, utapofuka.

Hii yangu ya macho mawili ni ya mtumba. Kabla ya kulipa niliitazamia mnara wa simu wa mbali. Ukiona minara miwili, macho yake hayalingani; mrudishie mwenyewe.