Hasara ya Tandika nilijifunza kuisoma nikiwa Wales

Genge langu la chakula pale Tandika, Dar es Salaam, lilikufa Machi 2014, na kwa miaka minane niliamini limeliwa na chuma ulete, ule uchawi wa kuvuta hela za mwenzako. Naandika haya kwa sababu kila nikiongea na nyumbani nasikia mwingine kafunga na kaondoka na maelezo yale yale niliyoondoka nayo mimi. Roho inaniuma.

Nilikuwa napika wali, ugali, maharage na samaki wa kukaanga. Wateja wangu walikuwa mafundi gereji na wabeba mizigo wa sokoni. Mchana mabenchi yanajaa, jioni droo tupu. Shangazi alikuja siku moja, akakaa kimya akiwatazama wanaokula, kisha akaniambia, "Mwanangu, hapa kuna mtu anakulipa kwa noti inayokwenda kumchumia zako." Nikapelekwa kwa mtaalamu, nikalipa shilingi 80,000, nikarudi na chumvi ya mawe na ndimu za kuweka kwenye droo. Baada ya miezi miwili nikauza masufuria.

Wiki ile kina mama wa kikoba chetu, kikundi cha kuweka na kukopa, walikuja nyumbani na unga, sukari na mafuta, wakakaa mkekani mpaka magharibi. Nilikuwa na mkopo wao. Hakuna aliyenipandishia sauti. Walinipangia marejesho upya, na mfuko wa jamii wa kikoba ukanilipia kodi ya chumba mwezi ule. Hilo sitaki mtu yeyote alidharau, maana sijaliona tena tangu niondoke. Ila katika saa zote zile hakuna aliyesema, mimi nikiwa wa kwanza: hebu lete daftari tuone.

Sasa naishi Cardiff. Nina kiduka kidogo cha pilau, chapati na sambusa. Wales, tangu Novemba 2013, sheria inamtaka muuza chakula abandike mlangoni alama zake za usafi, kuanzia 0 mpaka 5, kila apitaye azione. Jirani zetu wa England hawalazimishwi, sisi tunalazimishwa. Mara ya kwanza nilipewa 2. Mkaguzi alikuta sufuria la pilau nililoliacha mezani usiku kucha lipoe lenyewe, na friji inasoma nyuzi 11 wakati sheria inasema isizidi 8. Nimepika pilau tangu utoto, na siku ile ndiyo nilijua kwamba kwenye wali kuna vijidudu ambavyo mbegu zake hazifi kwa kuchemka. Wali ukikaa na uvuguvugu vinaamka, vinatoa sumu, na sumu hiyo haiondoki hata ukiupasha moto tena. Ndiyo maana wali unatandazwa kwenye trei pana upoe haraka, kisha unaingia friji.

Ile 2 ilikaa mlangoni wiki kumi na moja. Niliwaona watu wakisimama, wanaisoma, wanaondoka. Hakuna aliyekuja na unga. Usiku nililia peke yangu. Lakini mkononi nilikuwa na ripoti ya kurasa nne, kila kosa limeandikwa mahali lilipo na namna ya kulirekebisha. Haikunitukana wala haikunipa pole. Nikanunua trei, nikanunua kipimajoto, nikawa naandika joto la friji asubuhi na jioni, nikalipia kukaguliwa upya. Nikapata 5.

Huku karatasi inakufuata hata usipoitaka. Kila ikifika 31 Januari lazima hesabu za mwaka ziwe zimeshafika kwa watu wa kodi. Ukichelewa hata siku moja, faini ni pauni 100. Kwa hiyo angalau mara moja kwa mwaka nalazimika kukaa na kuangalia hela yangu ilikokwenda. Mfanyabiashara mdogo wa kwetu anakadiriwa kodi, na anaweza kuuza miaka kumi bila mtu kumuuliza faida yake ni shilingi ngapi. Hata kufilisika huku kuna tarehe: kwa kawaida miezi 12 na unaachiliwa. Kwetu "yule si alifilisika" linakufuata mpaka kwenye harusi ya mwanao.

Mwaka 2022 nilikwenda likizo, nikaikuta kaunta buku yangu ndani ya sanduku kwa mama, kurasa zimeshikana kwa mafuta. Nikaijumlisha usiku ule kwa kalkuleta ya simu. Madeni ya chakula ambayo hayakulipwa: shilingi 1,140,000. Fundi seremala wa pembeni peke yake ana kurasa mbili. Mtaji nilioanza nao ulikuwa 900,000. Na zile nilizochota kwenye droo kwa ada ya mdogo wangu, nauli na vocha, hizo hata kuandikwa hazikuandikwa. Mchawi alikuwa kwenye maandishi yangu mwenyewe, na nilikuwa nimemsingizia mteja aliyenilipa taslimu.

Kinachonishangaza ni kwamba kuandika tunakujua. Sanduku la kikoba lina makufuli matatu, funguo wanashika watu watatu, hela inahesabiwa mbele ya wote, hisa zinaingizwa kitabuni mbele ya kila mwanachama. Hakuna anayesema hela ya kikoba imechukuliwa na chuma ulete. Halafu mama huyo huyo anarudi gengeni kwake ambako hakuna hata ukurasa. Kina mama wale wale waliokuja na unga ndio wangeniokoa, kama tu siku ile wangehesabu daftari langu kama wanavyohesabu sanduku.

Binti wa dada yangu amefungua genge mwaka jana, mtaa ule ule. Nilimpa sehemu ya mtaji kwa sharti moja: kila Jumapili jioni anipigie picha ukurasa wa wiki. Mwanzoni alikuwa ananiletea mauzo tu, mazuri mazuri. Jumapili iliyopita, chini kabisa ya ukurasa, kulikuwa na mstari huu kwa kalamu nyekundu: "Alhamisi wali umeungua, kilo 2. Mama mdogo, nilikuwa kwenye simu."