Mgeni Hajikaribishi

Kuna ujumbe wa sauti unaozunguka kwenye magrupu ya WhatsApp ya wahitimu. Mtoa mada anawaambia vijana kwamba usaili wa kazi unaamuliwa ndani ya dakika ya kwanza, na kwamba kazi ya msailiwa ni kuhakikisha msaili anampenda. Tabasamu. Mtazame machoni. Tafuta mnachofanana: chuo, timu, kabila, dhehebu. Isifie ofisi. Nimeusikiliza mpaka mwisho na umenikera sana.

Nimekaa pande zote mbili za meza ile, kwa hiyo najua kinachotokea pale. Kijana ameomba kupitia Ajira Portal, mfumo wa serikali ya Tanzania wa kuombea kazi mtandaoni, amesubiri jina lake litoke kwenye PDF ya walioitwa, amefaulu mchujo, amekopa nauli ya kwenda Dodoma, amelala kwa ndugu wa rafiki yake na ameamka saa kumi alfajiri kupiga pasi shati. Anaitwa ndani, anakuta watu watano. Mmoja anaandika, mmoja anachati, mwenyekiti anasema "kaa" bila kuinua uso. Kisha: "Tuambie kuhusu wewe." Halafu huyu ndiye tumwambie kwamba mazungumzo yakipooza, kosa ni lake?

Sikubali. Kwetu mgeni hajikaribishi. Anapiga hodi na kusubiri. Mwenyeji ndiye anayesema karibu, anayeonyesha kiti, anayeuliza habari za safari. Kwenye usaili mwenyeji ni jopo. Wao ndio wenye maswali, wenye karatasi za alama, wenye kujua nani anafuata, na jioni watarudi nyumbani kazi zao zikiwa palepale. Ukimtaka mwenye shida ndiye alete uchangamfu mbele ya wenye uamuzi, umemwongezea mtihani ambao haukuwamo kwenye tangazo la kazi.

Nitakubali jambo moja, ingawa kwa shingo upande: wasaili nao huchoka. Mwaka 2014 watu zaidi ya 10,000 walijazana Uwanja wa Taifa wakigombea nafasi 70 za Uhamiaji. Mwaka 2025 Mamlaka ya Mapato (TRA) ilitangaza nafasi 1,596 na waombaji wakapita 100,000. Hata baada ya mchujo wa kuandika, foleni inayofika kwenye mahojiano ni ndefu, na mtu wa arobaini kwa siku anakutana na nyuso zilizochoka. Naelewa. Lakini kwa mtu huyo wa arobaini, huo ndio usaili wake wa kwanza na pekee siku hiyo.

Na inawezekana kufanya vizuri. Niliwahi kukaa kwenye jopo lililoongozwa na mama mmoja ambaye nilijifunza kwake zaidi ya nilivyojifunza kwenye semina yoyote. Kila msailiwa alipoingia, alisimama. Alimtaja kila mjumbe kwa jina na kazi yake. Alisema tutauliza maswali mangapi na kwa muda gani, akaeleza kwamba tutakuwa tunaandika na kwamba kuandika kwetu si dalili ya kosa. Maji yalikuwa mezani. Swali la kwanza lilikuwa jepesi kwa makusudi: eleza kazi moja uliyoifanya, iwe ya kulipwa au ya kujitolea, na ulivyoifanya. Mikono iliyokuwa inatetemeka ilitulia hapo. Ndipo maswali magumu yakafuata, na yalikuwa magumu kwelikweli, hakumwonea mtu huruma. Tofauti ni kwamba tulipokaa kulinganisha alama tuliweza kumjua asiyejua na kumtenga na aliyeogopa tu. Jopo linalonuna haliwezi kuwatofautisha hao wawili, na linapoteza watu wazuri bila hata kujua limewapoteza.

Aliwafanyia hivyo wote, wa kwanza na wa mwisho. Hapo kwenye "wote" ndipo hasira yangu na ule ujumbe ilipo hasa. "Tafuta mnachofanana" ni ushauri mbaya kwa nchi yetu. Nimeshuhudia mjumbe akisoma jina la ukoo kwenye cheti na kuuliza, "Huu si ukoo wa kwetu? Baba yako nani?" Vicheko, kilugha kidogo, salamu kwa wazee, na msailiwa amekaa kama yuko barazani kwao. Anayefuata ni kijana ambaye ukoo wake haujulikani na yeyote pale ndani. Anapata maswali makavu. Maswali ni yaleyale, karatasi ni ileile, lakini usaili si mmoja. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004, kifungu cha 7, inakataza ubaguzi wa kabila, dini, mahali mtu alikotoka na mengine mengi, na mwombaji kazi naye analindwa. Yule mjumbe wa jopo hakujiona anabagua. Alijiona mchangamfu. Ndiyo maana namtaka kila anayekaa mezani ajiulize huo uchangamfu wake anamgawia nani.

La kutazamana machoni nalipita haraka. Watoto wetu wamelelewa kuinamisha macho mbele ya wakubwa, na msaili aliyelelewa hivyohivyo asimpunguzie mtu alama za kujiamini kwa sababu ya adabu.

Lugha nayo. Tangu 2021 Kiswahili ndicho lugha ya sheria na mahakama, lakini mtu atakayehudumia wananchi kwa Kiswahili kutwa nzima bado anaweza kusailiwa kwa Kiingereza. Kama kazi inahitaji Kiingereza, pima Kiingereza. Kama haihitaji, mwacheni aongee.

Sikatai kwamba msailiwa ana yake ya kufanya. Wahi. Wasalimie wote; "shikamooni" haijawahi kumharibia mtu. Lisome tangazo la kazi mpaka ulijue. Ukiulizwa usichokijua, sema hukijui, kisha eleza ungekitafutaje. Usiisifie ofisi usiyoijua. Wanasikia sifa hizo tangu asubuhi.

Na mwishoni wakikuuliza kama una swali, usiseme huna. Uliza kuhusu kazi yenyewe: aliyekuwa kwenye nafasi hii alikuwa anakwama wapi zaidi? Wasaili wengi hawajaulizwa swali hilo na mtu aliye upande wako wa meza, na mara nyingi ndipo kalamu zinawekwa chini na watu wanaanza kuzungumza kazi.